Maswali ya Wasomaji: Vyura wa Usambara, Kutoka Msituni Hadi Chupani

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Muheza, Korogwe na Pangani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: wale watu wenye tochi za kichwani wanaokamata vyura usiku kule Usambara Mashariki wanafanya nini hasa, na wanafanyaje. Barua ndefu tumezifupisha. Walioandika kuuliza namna ya kuwafukuza vyura kisimani watusubiri toleo lijalo.

SWALI: Asalaam aleikum. Huku kwetu Amani kila masika wanakuja watafiti, wanakamata vyura, wanawaua na kuwatumbukiza kwenye dawa. Simu za siku hizi zinapiga picha hata unywele ukaonekana. Kwa nini picha isitoshe?
Mama Zaituni, Muheza

JIBU: Waalaikum salaam, Mama Zaituni. Kwa vyura wengine picha inatosha kabisa. Yule mkubwa wa mtini, Leptopelis vermiculatus, mwenye michirizi iliyojipindapinda ubavuni, mjuzi humtambua kwa kumtupia jicho mara moja. Taabu inaanza kwa wale wadogo wa kwenye majani makavu, jamii ya Arthroleptis. Wote ni kahawia, wote wana alama mgongoni, na hata ndani ya spishi moja alama hizo hutofautiana chura kwa chura. Kuwatenganisha kunataka kupima: kidole cha tatu cha dume kimerefuka kiasi gani, ncha za vidole zimepanuka au la, kile kinundu cha unyayoni kina ukubwa gani. Wengine hawatenganishwi ila kwa mlio au vinasaba. Picha iliyopigwa kutoka juu haina unyayo, na chura mwenyewe keshaondoka zake.

Mfano upo hapo hapo kwenu. Mwaka 1911 Mjerumani Fritz Nieden alieleza kisayansi chura wa Amani anayeitwa Callulina kreffti, mnene, mwendo wa taratibu, mwenye ngozi ya vipelevipele. Kwa miongo mingi kila chura wa sura hiyo, awe wa mlima gani, aliandikwa jina hilo hilo. Vielelezo, yaani miili ya vyura iliyohifadhiwa, vya milima mbalimbali vilipokuja kuwekwa meza moja, vikapimwa na kulinganishwa, mambo yakabadilika. Mwaka 2004 wale wa Usambara Magharibi walipewa jina lao, Callulina kisiwamsitu. Mwaka 2009 wakafuata wale wa Taita, Callulina dawida, kisha wa Pare na Nguru nao wakatengwa. Leo C. kreffti ni wa upande wenu wa Usambara. Kilichowezesha yote hayo ni chupa zilizokuwa rafuni.

Sababu ya pili ni kwamba chupa hujibu maswali ambayo aliyeijaza hakuyafikiria. Ukungu unaoua vyura duniani, Batrachochytrium dendrobatidis, ulielezwa kisayansi mwaka 1999. Watafiti walipotaka kujua ulikuwako tangu lini, walirudi makumbusho wakakata vipande vidogo vya ngozi za vyura wa zamani, wakaukuta kwa chura wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, aliyekusanywa mwaka 1938. Aliyemkusanya hakuwa na habari za ukungu wowote.

Hata hivyo hatusemi kila anayeua chura kwa jina la sayansi ana haki. Anayebeba vyura 30 wa aina moja kutoka dimbwi moja kwa sababu tu walikuwa rahisi kukamatika, huyo anaharibu. Dume, jike na mtoto wachache kutoka sehemu moja kwa kawaida hutosha kwa kazi ya utambuzi. Kuna pia vyura ambao hata hao wachache ni wengi. Nectophrynoides tornieri wa misitu yenu hatagi mayai majini. Jike huzaa vitoto vilivyokamilika, tena vichache, kwa hiyo pengo lake halizibiki upesi kama la chura wa bwawani anayetaga mayai kwa mamia. Na mkusanyaji asiyeandika maelezo kamili, hata akichukua mmoja, amemuua bure. Hilo tutalirudia sana hapa chini, mtuvumilie.

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita ameambiwa na mgeni mmoja kuwa akimletea vyura atampa shilingi elfu mbili kila mmoja. Kuna ubaya?
Baba Rehema, Muheza

JIBU: Upo, ndugu yetu. Mwambie aache. Kukusanya wanyamapori kwa utafiti kunahitaji kibali, na mtafiti halali hutembea nacho. Kuna kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kuna kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) inayosimamia utafiti wa wanyamapori, na kwa msitu wa hifadhi kama Amani kuna ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kusafirisha vielelezo nje ni kibali kingine tena. Nectophrynoides wote wako kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, daraja la juu kabisa la ulinzi. Mgeni anayenunua vyura kwa watoto anakwepa yote hayo. Halafu sayansi yenyewe haipo: mtoto ataleta chura kwenye mfuko, na hakuna atakayejua alimtoa mtoni, shambani au chooni. Mpeleke mgeni huyo kwa mwenyekiti wa kijiji aoneshe karatasi zake.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nimeanza kazi ya fundi maabara katika chuo kimoja hapa Tanga, na mradi wetu una vibali vyote. Naombeni hatua za kumhifadhi chura tangu anapokamatwa hadi anapoingia chupani, na vipimo, maana niliyemrithi hakuacha maandishi.
S.K., Tanga mjini

JIBU: Marahaba, S.K. Umeuliza swali zuri, basi tukujibu kwa kirefu.

Usiku msituni, kila chura mfuko wake. Usichanganye, hata wakiwa aina moja: wengine wana sumu ya ngozi inayoua wenzao, na ugonjwa wa mmoja utakuwa wa wote. Tia jani bichi, matone ya maji, puliza hewa mfuko ujae, funga, uning'inize kivulini. Ndani ya mfuko weka kikaratasi cha penseli chenye mahali, saa na alipokuwa amekaa: juu ya jani, urefu gani kutoka chini, mbali gani na maji. Kama alikuwa analia, rekodi mlio kabla ya kumgusa, uandike na joto la hewa, kwa sababu chura huongeza au kupunguza kasi ya mlio kufuatana na joto.

Asubuhi anza na picha akiwa hai: mgongo, tumbo, ubavu, nyuma ya mapaja na nyayo. Usiruke hatua hii. Rangi ya manjano huyeyuka kwenye alkoholi, ndiyo maana chura wa kijani hugeuka wa buluu au kijivu baada ya miezi michache. Mpime uzito na urefu kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa kiwiliwili.

Kisha kumuua bila mateso. Dawa ya kawaida ni MS-222, unga mweupe wa ganzi. Changanya gramu 5 kwa lita 1 ya maji, kisha ongeza baikaboneti ya soda kidogo kidogo hadi karatasi ya kupimia ioneshe pH 7 au 7.5. Wanaosahau baikaboneti wanamtumbukiza mnyama kwenye tindikali. Ataruka na kujikunja kwa sababu ngozi inamwasha. Mwache ndani ya maji hayo saa 1 hivi hata kama ametulia mapema, kwani moyo wa chura huendelea kupiga muda mrefu baada ya mwili kulegea. Ukikosa MS-222, jeli ya ganzi ya meno yenye benzokaini 20% ikipakwa tumboni hufanya kazi hiyo hiyo. Kumtia chura hai kwenye formalini (dawa ya kukakamaza mwili, tutaifikia) au kwenye friza ni ukatili, na hata kwa kazi yako ni hasara: atakufa amejikunja ngumi na hutaweza kuhesabu kidole.

Kabla formalini haijamgusa, toa kipande cha ini au msuli wa paja, ukubwa wa punje ya mchele, ukitie kwenye kichupa chenye ethanoli, yaani alkoholi, ya 96%. Hiki ndicho cha vinasaba. Formalini hufunganisha vinasaba na protini hadi kuvipata tena kunakuwa kazi ya maabara ya gharama kubwa. Mkasi na koleo uvifute na kuvipitisha motoni kati ya chura na chura. Kichupa kiandikwe namba ile ile ya chura.

Sasa namba yenyewe. Ni kikaratasi kigumu cha pamba, kimeandikwa kwa wino mweusi usioyeyuka, kimefungwa kwa uzi juu ya goti la mguu wa nyuma au kiunoni. Kaza kiasi kisichopenya kikatoka, lakini kisiikate ngozi. Namba zako ziende mfululizo maisha yako yote ya kazi. Usianze tena 1 kila safari, maana miaka kumi baadaye utakuwa na vyura watano wanaoitwa namba 1.

Formalini ndipo wengi wanapokosea hesabu. Ile inayouzwa kwenye galoni ni maji yenye fomaldehaidi 37 hadi 40%. "Formalini 10%" maana yake ni sehemu 1 ya hiyo ya galoni na sehemu 9 za maji: mililita 100 kwa 900. Wapo wanaodhani watafute fomaldehaidi halisi 10%, wakapata dawa kali kupita kiasi. Kwa kila lita 1 iliyochanganywa ongeza chumvi za fosfeti: gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye hidrojeni mbili (ile ya monohaidireti) na gramu 6.5 za sodiamu fosfeti yenye hidrojeni moja (ile kavu). Bila chumvi hizo formalini hugeuka tindikali taratibu na kula mifupa.

Tandika taulo la karatasi jeupe ndani ya kontena pana lenye mfuniko, ulilowanishe kwa formalini hiyo. Mlaze chura kifudifudi, mapaja yametanuliwa pembeni, miguu imekunjwa magotini, nyayo zimebandikwa chini, vidole kimoja kimoja vimeachanishwa kwa koleo ili utando uonekane. Mikono ielekee mbele. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu atakavyoganda ndivyo atakavyobaki kwa miaka 100. Aliyezidi sentimita 5 mpige sindano ya formalini tumboni, au mchane kidogo ubavuni, la sivyo matumbo yataoza nje kukiwa kumekauka. Funika kwa taulo jingine lenye dawa, funga mfuniko. Wadogo hukakamaa ndani ya saa chache. Kisha jaza formalini iwafunike, siku 1 au 2 kwa wadogo, hadi wiki kwa wakubwa.

Baada ya hapo waoshe: waloweke kwenye maji siku nzima, ukibadilisha mara kadhaa, halafu wahamishie ethanoli 70%. Kama una ethanoli ya 96%, pima mililita 730 kisha jaza maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa) hadi alama ya lita 1. Jaza hadi alama, usipime 270 pembeni, kwa kuwa ethanoli na maji vikikutana ujazo hupungua kidogo. Viluwiluwi usiwapeleke kwenye alkoholi, hunyauka mikia. Hao hubaki kwenye formalini 10% siku zote.

Glavu za nitraili, dirisha wazi, macho yafunikwe. Mvuke wa formalini unajulikana kusababisha saratani. Na kamwe, kamwe usiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Mwisho, daftari. Mstari mmoja wa mfano tunaouridhia: "Tanzania, Mkoa wa Tanga, Wilaya ya Muheza, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ukingo wa kijito chini ya mgomba-mwitu, mita 900, digrii zenye tarakimu 5 baada ya nukta, WGS84, 12 Aprili, 21:40, amekamatwa kwa mkono, juu ya jani sentimita 60 kutoka chini." WGS84 ni mfumo wa vipimo unaotumiwa na GPS. Angalia vitu viwili. Tarakimu 2 tu baada ya nukta ni kosa la kilomita 1 na ushee, na kwenye mlima huo ni kutoka msituni hadi katikati ya mashamba ya chai. Na saa uandike kwa mtindo wa 24: ukiandika "saa 3.40", msomaji wa Berlin atajua ni alfajiri.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimekuta kabatini chupa za vyura wa zamani: wengine wamelainika, maji yamekuwa kahawia, vifuniko vimeota kutu, na karatasi za ndani hazisomeki. Nianzie wapi kuwaokoa?
Mwalimu, Korogwe

JIBU: Anzia kwenye karatasi, Mwalimu, si kwenye vyura. Chupa ambazo maandishi bado yanasomeka hata kwa kuinamisha taa, yanakili leo hii kwa penseli ya 2B, na kikaratasi cha zamani usikitupe. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye alkoholi. Maandishi ya printa ya leza nayo hubanduka yakaelea. Penseli na wino wa pigimenti hubaki.

Maji ya kahawia peke yake si msiba. Ni mafuta na rangi za mwili zinazotoka. Badilisha alkoholi mara moja au mbili yatatulia. Pima nguvu kwa haidromita ya alkoholi. Hapa pana mtego wa watu wa pwani: kwenye joto letu alkoholi huvukiza haraka kuliko maji, kwa hiyo kimiminika kilichopungua kimepungua nguvu pia, na ukijazia kwa ya 70% kila mara unakuwa na chupa iliyojaa lakini dhaifu. Ikishuka chini ya 50% uozo unaanza. Jazia kwa yenye nguvu zaidi, kisha pima tena. Spiriti ya zambarau ya kuchomea haifai, hutia doa. Gongo pia haifai, tunalisema kwa sababu tumeulizwa zaidi ya mara moja: hakuna ajuaye nguvu yake.

Chura aliyelainika mwili mzima alichelewa kuingia formalini, au aliingia mzima bila kuchanwa tumbo. Huyo haokoleki, ila kama ana maelezo mhifadhi, mifupa yake bado ni ushahidi. Aliyekunjika kama mpira na mifupa imelegea ameliwa na formalini yenye tindikali. Aliyekauka akajikunja mgumu alitiwa moja kwa moja kwenye alkoholi kali mno. Ukiona unga mweupe chini ya galoni la formalini, hasa lililokaa kwenye baridi ya Lushoto, ni fomaldehaidi iliyoganda, usiitumie hiyo.

Vifuniko vya chuma vya chupa za jemu vitoe vyote. Hewa ya chumvi huvila, kutu huingia ndani na kuchafua kielelezo. Kioo chenye kifuniko cha plastiki kigumu, vyura wasizidi theluthi ya ujazo, na kabati lenye giza.

Zile chupa zisizo na maelezo kabisa wape wanafunzi wajifunzie kupasua. Hazina kazi nyingine.

SWALI: Ni kweli kuna chura wa Amani aliyeonekana mara moja tu? Anatafutwaje?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Korogwe

JIBU: Ni kweli, mwanetu. Jina lake ni Parhoplophryne usambarica. Thomas Barbour na Arthur Loveridge wa makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimweleza mwaka 1928 kutokana na kielelezo kimoja kilichokusanywa Amani mwaka 1926. Kwa miongo mingi sayansi imemjua kwa mwili huo mmoja.

Kutoonekana si lazima iwe kutoweka. Ndugu yake wa karibu, Hoplophryne rogersi, yupo msitu huo huo na hujificha mno: hutaga kwenye maji yaliyotuama katika makwapa ya majani ya migomba-mwitu na kwenye mianzi iliyopasuka. Anayemtafuta Parhoplophryne kwa kutembea njiani na tochi anatafuta chura asiyekuwapo njiani. Bandua maganda yanayooza ya migomba, chungulia visiki vya mianzi, pindua magogo na uyarudishe yalivyokuwa. Gogo lililoachwa limepinduliwa hukauka upande wa chini, na wote waliokuwa wakiishi pale huhama au hufa.

Mitego ya ndoo husaidia kwa wanaotembea ardhini. Unafukia ndoo za lita 10 au 20 hadi mdomo uwe sawa na udongo, 10 au 11 kwa mstari, mita 5 kati ya moja na nyingine. Katikati ya mstari mzima unasimamisha karatasi ya plastiki ya kimo cha sentimita 50, chini yake ikiwa imefukiwa. Chura akigonga plastiki hufuata ukuta hadi atumbukie. Toboa matundu madogo chini ya ndoo, la sivyo mvua moja ya Amani, mahali panapopata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, itawazamisha wote. Kagua alfajiri na jioni. Adui mkubwa ni siafu: wakiigundua ndoo, watakuachia mifupa. Siku ukiondoka, funika kila ndoo, au zing'oe kabisa. Ndoo iliyosahauliwa wazi huua kwa miezi bila kumfaidia mtu.

Na ukimpata? Usikimbilie kumuua. Picha, mlio, pamba ya kufutia ngozi kwa vinasaba, namba ya GPS, kisha wasiliana na wenye kibali.

SWALI: Kuna mapovu meupe yananing'inia kwenye matawi juu ya bwawa letu. Wengine wanasema ni mate ya nyoka.
Bi. Mwanaidi, Bagamoyo

JIBU: Ni kiota cha chura, Bi. Mwanaidi, Chiromantis xerampelina. Jike hupiga povu kwa miguu ya nyuma, madume kadhaa wakishiriki, mayai yakabaki ndani ya povu ambalo hukauka nje na kubaki na unyevu ndani. Baada ya siku 4 hadi 6 hivi viluwiluwi hudondoka majini. Usikate matawi hayo msimu huu. Chura mwenyewe utamkuta mchana amekaa juani amekuwa mweupe kabisa. Wengi hawamjui kwa sababu hiyo.

SWALI: Mimi huongoza wageni msituni. Tumeagizwa tuoshe viatu kabla ya kuingia. Dawa gani, kiasi gani, na kwa nini kusugua kwanza?
Mwongozaji, Amani

JIBU: Kwa sababu ya ule ukungu tulioutaja kwenye barua ya kwanza. Husafiri na tope na maji, na chura hupumua na kunywa kwa ngozi, kwa hiyo ukungu wa ngozi unamuua. Kumbuka chura wa Kihansi kule Udzungwa, Nectophrynoides asperginis: alielezwa kisayansi mwaka 1999, mwaka 2000 maji ya maporomoko yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na ukungu huo ukakutwa kwao. Alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009. Wapo leo kwa sababu karibu 500 walipelekwa Marekani mapema kuzalishwa.

Dawa ni jiki ya kawaida. Soma chupa: kama imeandikwa 3.5%, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 2 za maji inakupa kidogo zaidi ya 1%, na hiyo inaua ukungu kwa dakika 1. Sharti ni kuondoa tope lote kwanza kwa brashi, soli hadi kwenye mifereji, maana udongo humaliza nguvu ya jiki kabla haijaufikia ukungu. Changanya upya kila siku. Ya jana imekufa. Suuza kwa maji safi mbali na kijito, halafu anika juani hadi vikauke kabisa. Kukauka peke yake huusaidia sana msitu, kwa hiyo ukiwa na jozi mbili za viatu tumia kwa zamu. Wanaoshika vyura wabadili glavu kila chura, na wasiwe wamejipaka dawa ya mbu mikononi: hupenya ngozi ya chura mara moja.

SWALI: Nikilima iliki nakata "minyoo" mirefu yenye mdomo. Nyoka au mnyoo?
Mkulima, Muheza

JIBU: Hapana yote mawili. Ni sesilia, ndugu wa chura asiye na miguu. Usambara Mashariki wapo kadhaa, akiwamo Boulengerula boulengeri, ambaye macho yake yamefunikwa na mfupa, na Scolecomorphus vittatus mwenye mstari mweusi mgongoni. Mfungue mdomo kwa kijiti: ukikuta taya na meno madogo, si mnyoo. Hana magamba ya nje, si nyoka. Hana sumu ya kukuuma nayo. Anakula wadudu na minyoo ya shambani mwako, mrudishe udongoni. Ukimkata kwa bahati mbaya, mtie kwenye chupa yenye spiriti safi pamoja na karatasi ya penseli yenye jina la shamba na tarehe, umpelekee afisa wa hifadhi. Vielelezo vya sesilia ni haba, na hata nusu ya mwili inasomeka.